Bwawa la Wazi na Bwawa la Paa

Mwaka wa 2008 nyumba yetu ya Lanet, nje kidogo ya mji wa Nakuru, ilikuwa na milango miwili, na hakuna hata mmoja uliopumzika. Mume wangu akirudi jioni kutoka karakana yake ya kuchomelea mageti, alipiga honi ya pikapu akiwa bado mbali, na akishuka anaanza kukohoa. Mtu mzima mwenye afya yake, ndani ya boma lake mwenyewe, anakohoa utadhani ana kifua kikuu. Watoto wakisikia honi wanapiga kelele, "Kukhu! Baba amefika!" Na mama yangu, popote alipokuwa ndani ya nyumba, anaacha alichoshika na kutokea mlango wa jikoni. Kama alikuwa anakunywa chai, kikombe kinabaki mezani kikitoa mvuke. Baba watoto anaingia kwa mbele, mama anatoka kwa nyuma, na mimi niko katikati nikigeuza chapati na kuwalaani wote wawili kimoyomoyo.

Kukhu ndivyo watoto wa kwetu wanavyomwita nyanya. Na kwetu, sisi Waluhya, mama mkwe hakai chini ya paa moja na mume wa binti yake. Hawali pamoja, hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawaongeleshani ila kupitia mtu mwingine. Kuonana bila nguo ya kutosha ni balaa, na mama kulala kwa nyumba ya mkwewe hata haisemwi. Si chuki, jameni. Ni heshima, lakini heshima ya kwetu ina miguu, na ikimwona mkwe inatoka mbio.

Haya yote yangekuwa rahisi kama mama angekuwa kwake. Lakini Januari, wakati wa vita vya baada ya kura, nyumba yake ya Njoro ilichomwa. Mume wangu ndiye aliyeendesha pikapu kwenda kumtoa kwenye kanisa alikokuwa amejificha na majirani. Barabara ina moshi wa magurudumu, watu wanakimbia na magodoro kichwani, na mama yangu anakataa kukaa mbele na mkwewe. Akapanda nyuma, juani, na mkoba mmoja, jogoo mmoja, na viatu viwili visivyofanana. Walipofika kwetu akaangalia nyumba, akaangalia stoo ya nyuma tulikoweka saruji na makaa, akasema, "Hapo panatosha." Akahamia humo.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama alilichukua mwenyewe kabla ya kumaliza chai ya kwanza. Kufikia Pasaka hapakuwa na pahali pa kukanyaga kwenye ploti yetu bila kukanyaga kunde au sukuma wiki. Alilima mpaka nje ya ua, mpaka kando ya barabara, na alipokosa pa kulima akaanza kulima tena pale pale alipolima.

Nilimwelewa, kwa sababu mimi pia sikuwa mzima. Mwaka huo hakuna mtu Nakuru aliyekaa vizuri kwa kiti. Sufuria ikianguka kwa jirani, mtaa mzima uko dirishani. Kila mwenye nyumba alitaka geti refu kuliko la jana, na mume wangu alichomelea mpaka macho yakawa mekundu kama ya mlevi. Mimi nilikuwa natoka kwenda dukani kununua kibiriti, nafika, nasahau nilichofuata, narudi, natoka tena. Na hata kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kiherehere. Kwenye picha yetu ya harusi kila mtu anaonekana vizuri isipokuwa bibi harusi, kwa sababu nilijisogeza.

Ahadi ya kuogelea ilikuwa ya kabla ya yote hayo. Desemba ya 2007 watoto walitusumbua mpaka tukawaambia, "Kura ikiisha, tutaenda." Aii, sisi na midomo yetu! Kura iliisha vile iliisha. Lakini mtoto anaweza kusahau sweta shuleni, akasahau hata njia ya kurudi nyumbani, ila umwahidi kitu uone. Likizo ya Agosti ilipofika, binti yetu wa darasa la nne alikuwa anatuhoji kila asubuhi kama polisi. Kaka yake mdogo, ambaye alikuwa bado wa chekechea, alivaa kaptura ya kuogelea juu ya suruali na kukataa kuivua.

Pa kwenda palikuwa pawili. Kulikuwa na bwawa la wazi, mbele kidogo ya Lanet, kwenye barabara ya kuteremka Gilgil: nyasi, migunga, bwawa kubwa na bwawa dogo, na mtelezo mrefu wa buluu ambao uliuona ukiwa bado barabarani. Maji yake yalikuwa ya kisima, baridi ya kukufanya umwite Mungu kwa lugha ya mama. Halafu kulikuwa na lile jipya, mjini. Familia moja ya Wahindi wenye duka la vitambaa walikuwa wamechukua godauni la zamani la mahindi, wakachimba bwawa ndani, wakaweka boila ya kupasha maji moto, na vyura wa plastiki wanaotema maji. Huko ndani kulikuwa na mvuke, mabati juu, na mtoto mmoja akipiga kelele unasikia watoto kumi. Watoto wetu waliyaita ya wazi na ya paa.

Mume wangu alitaka ya paa. Alisema kitinda mimba wetu ana kifua, baridi ya Agosti ya Nakuru inaingia mpaka kwa mfupa, na saa nane mvua ikitaka kunyesha haimwombi mtu ruhusa. Sababu zake zilikuwa nzuri zote, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Tunaenda ya wazi," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya mama."

Akaweka kijiko chini. "Mama yako anaingiaje kwa hii maneno ya kuogelea?"

"Anaingia kwa sababu anakuja na sisi."

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda changu, na yeye alikijua. Mvua ya Julai ilikuwa imeingia stoo. Mama aliamka akakuta maji yamefika kwa godoro, na makaa yanaelea. Nilimsihi aingie nyumbani, akakataa. Badala yake akatangaza, bila hasira, kama mtu anayesema anaenda sokoni: "Shule zikifunguliwa, naenda Njoro. Nitapiga hema kwa shamba langu." Serikali ilikuwa inarudisha watu kwa malori, ndiyo, lakini wale aliokimbia nao walikuwa hawajarudi hata mmoja. Mama mwenye magoti mabovu, peke yake, ndani ya hema, juu ya majivu, kati ya watu wale wale! Nilimwambia, nikalia, nikanuna. Alinijibu kwamba hema ni lake, lakini stoo ni ya mkwewe, na stoo nayo ina paa.

Tangu siku hiyo mkoba wake ulikaa mlangoni pa stoo, umefungwa. Kila nikipita nauangalia. Nikisikia gari linasimama barabarani natoka kuchungulia. Nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba tukimwacha nyumbani peke yake kutwa nzima, tutarudi tukute stoo imefagiliwa na haina mtu. Kwa hivyo ilikuwa lazima aje na sisi, na angeweza kuja tu mahali pasipo na paa.

"Kwani hii kitu haina dawa?" mume wangu akauliza. Yeye alizaliwa Bondeni, kwenye zile nyumba za kaunsili ambako kila kabila lilikaa mlango kwa mlango, na mila za watu anazijua zote nusunusu. "Hata malaria iko na dawa."

Dawa ipo. Kwetu, mama mkwe hutoa nguo kwa mkono wake mwenyewe, mkwe akaipokea kwa mkono wake, kisha mkwe naye akarudisha blanketi. Wakishapeana hivyo, wanaweza kukaa chini ya paa moja kama binadamu. Lakini inafanyiwa kwa mama, mlangoni pa nyumba yake, na wazee na mashangazi wakiwepo, na kuku amechinjwa. Sisi tulikuwa tumeisukuma mwaka baada ya mwaka. Pasaka hii, hapana, Desemba. Desemba hii, hapana, karo. Mwezi wa Machi nilijaribu kumuuliza mama kama tunaweza kuifanya hapa Lanet tu, tumalize.

"Mlango wa nyumba yangu uko wapi?" akaniuliza, na akaendelea kupalilia. Sikuuliza tena.

Basi tukabishana juu ya maji wiki nzima. Mume wangu alisema ya paa akiwa anavaa viatu, akasema ya paa akiwa anaosha gari. Nikamwambia kama anataka mvuke akae karibu na sufuria ya githeri. Akaniambia mimi nikiwa na neno langu hata treni inanipisha. Watoto wakapiga kura yao: msichana alitaka mtelezo wa buluu, mvulana alitaka vyura. Kura ikatoka sare, na mwaka huo kura ilikuwa imetutosha.

Mwishowe mume wangu, akiwa amesimama barazani, akamwambia binti yetu kwa sauti ya kusikika mpaka stoo, "Nenda uulize Kukhu yeye anataka gani."

Kukhu, aliyekuwa hapo tu nyuma ya ukuta akichambua kunde, akamjibu mtoto kwa sauti ile ile, "Mwambie mimi sitaki maji. Mimi nitalinda viatu."

"Muulize atalindia wapi."

Mama akavunja bua moja la kunde. "Kwa wazi," akasema. "Kwa wazi mtu anaona anayekuja."

Mume wangu akaingia ndani. "Sawa, ya wazi," akaniambia. "Lakini huyu mtoto akikohoa, ni wewe utaamka."

Jumamosi ikafika na jua zuri, la kutudanganya. Nilipakia chapati, chai ya maziwa kwa thamosi, na taulo. Mama akapanda nyuma ya pikapu na wajukuu, akakalia turubai lililokunjwa, kilemba kimefungwa kisawasawa. Halafu nikaona amebeba mkoba.

"Mama, wa nini huo?"

"Ni wangu."

"Najua ni wako. Tunaenda kuogelea, unaupeleka wapi?"

"Kwani umeniona naiba?"

Nikakaa mbele. Barabara ile ile ya Nairobi unasimama upande huu unaenda Gilgil, ukivuka unasimamisha gari la kurudi mjini, na mjini magari ya Njoro yamejaa tele. Mtu hahitaji hata kuaga. Kila mahali tulipopunguza mwendo niligeuka kuangalia kama bado yuko. Mume wangu akacheka. "Utavunjika shingo," akasema.

Huko kwenye bwawa mama alichagua mgunga wa mbali kabisa, akatandika leso, akapanga viatu vyetu, akauweka mkoba kwenye mapaja, na akaketi akiwapa waogeleaji mgongo. Mume wangu akatoka chumba cha kubadilisha nguo na kaptura yake na miguu myembamba kama ya korongo, akakimbia moja kwa moja mpaka kwenye maji ya kina, akazama mpaka shingoni. Akitaka kutoka, mvulana anatumwa kwangu. Mimi nakimbia mpaka kwa mgunga: "Mama, usigeuke." Akirudi majini nakimbia tena: "Sasa unaweza." Nilipita kwenye zile nyasi mpaka nikatengeneza njia. Mama mmoja aliyekuwa ameloweka miguu akaniuliza, "Mathe, wewe hauogelei?"

"Mimi leo ni polisi wa trafiki," nikamwambia.

Sikuwa nacheka moyoni. Watoto wangu walikuwa wanateleza kwenye ule mtelezo, wakipiga kelele za furaha ambazo hatukuwa tumezisikia tangu Desemba, na mimi jicho langu liko kwa mkoba. Nilitaka kukaa chini na sikuweza. Nilimpelekea mama chapati, akala nusu, akafunga nusu kwenye karatasi na kuitia mkobani. Chakula cha njiani, nikajua. Mtu anayekaa hafungi chapati.

"Mama, huendi," nikamwambia.

"Shule bado hazijafunguliwa," akasema, akiangalia barabara.

Mawingu yalitoka upande wa Menengai, haraka, kama watu walioitwa. Upepo ukapiga, taulo zikaruka, na mlinzi wa bwawa akaanza kupuliza filimbi. "Tokeni kwa maji! Wote! Radi!" Pale hapakuwa na pa kujikinga isipokuwa banda la mabati la kuuzia soda, na mvua ya mawe ilianza kabla hatujalifikia. Mawe makubwa kama mahindi, ya kuuma kweli. Nikamvuta msichana, mume wangu akambeba mvulana, tukajibana ndani na watu wote waliolowa, mabega kwa mabega, mabati yakipiga kelele mpaka husikii jirani yako.

Nikahesabu vichwa vyetu, nikakosa kimoja.

Mama alikuwa chini ya ule mgunga. "Mathe! Toka kwa mti!" watu wakapiga kelele. "Mti unavuta radi!" Akakusanya viatu vyetu ndani ya leso, akatundika mkoba begani, akaja na magoti yake yale, pole pole, mawe yakimpiga kilemba. Alifika mpaka pale mabati yanapodondosha maji. Hatua moja tu awe ndani. Akaangalia, akamwona mkwewe amesimama na kaptura mbichi, akageuza uso, akarudi nyuma.

"Mama, ingia!"

Akatikisa kichwa.

"Mama, haki ya Mungu, ingia! Utakufa!" Nilimwambia kwa Kiswahili, nikamwambia kwa lugha ya kwetu. Akasimama pale pale kwenye wazi, amekumbatia viatu, mvua ya mawe inamwangukia. Watu wakaanza kuulizana huyu mathe ana shida gani. Nilikasirika mpaka nikalia. Nilizikasirikia mila, nikaikasirikia mvua, nikamkasirikia yeye, na zaidi ya yote niliwakasirikia wale waliochoma nyumba yenye mlango.

Mume wangu akanipa mvulana. "Shika mtoto," akasema, na akatoka.

Watu wakacheka. "Boss, unaenda wapi?" Alipita upande mwingine kabisa, mbali na mama, ili banda libaki bila yeye. Lakini atasimama wapi na kaptura hiyo, mbele ya mama mkwe, uwanjani kweupe? Akafanya kitu pekee alichoweza kufikiria. Akaingia bwawani, akazama mpaka shingoni, kichwa tu nje, na mawe yakawa yanakipiga. Anga likapasuka juu yetu, mwanga mweupe, na ngurumo yake papo hapo. Mlinzi akapuliza filimbi mpaka mishipa ikamtoka. "Wewe! Umerogwa? Toka kwa maji!"

"Mwambie mama yako aingie kwanza!" mume wangu akanipigia kelele. Hata hapo! Hata na radi juu ya kichwa chake, bado alikuwa anamwongelesha kupitia mimi.

Mama alimsikia. Nilimwona akiangalia banda, nafasi imebaki, hakuna mkwe. Hakuingia. Aliviachilia viatu vyote vikaanguka kwenye matope, akatembea mpaka ukingoni mwa bwawa, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nikamsikia mama yangu akimwongelesha mume wangu.

"Wewe mtoto! Toka hapo! Unataka hawa watoto wakose baba kwa sababu yangu?"

Mume wangu akaduwaa na maji mdomoni. Mama alikuwa ameshapiga magoti, yale magoti, anafungua mkoba. Mimi nilidhani ule mkoba umejaa safari. Akatupa chapati pembeni, akatupa gauni, akaingiza mkono mpaka chini kabisa, akatoa shuka ya mistari, nzito, mpya, bado imekunjwa vile inavyokunjwa dukani. Akageuza uso upande, akanyoosha mkono wenye shuka juu ya maji.

"Jifunike," akasema.

Mume wangu akapanda ngazi, akanyoosha mkono wake, akaichukua mkononi mwake. Akajifunga kutoka kifuani mpaka miguuni. Nilikuwa nimeziba mdomo. Wale watu wote bandani waliona mwanaume mpumbavu na mama mzee mkaidi, basi. Mimi niliona nguo ikitoka mkono wa mama mkwe na kuingia mkono wa mkwe. Na mama naye aliona, kwa sababu alibaki na mkono umenyooka hewani, mtupu, mawe yakiuangukia.

Kisha akasimama, akaingia bandani. Mume wangu akamfuata. Mmoja akasimama kona hii, mwingine kona ile, na katikati yao kikundi cha watu wanaotetemeka, lakini paa lilikuwa moja.

Nilimsogelea. "Mama, hiyo shuka umeitoa wapi?"

"Niliinunua Njoro. Zamani. Nikiwangoja mje."

"Na siku ile nyumba inaungua ukaibeba? Na viatu ukavichanganya?"

"Ilikuwa karibu na mlango," akasema, na akaanza kumfuta mjukuu wake kichwa kwa leso, kwa nguvu, mpaka mtoto akalalamika.

Tulirudi nyumbani, mama bado nyuma ya pikapu lakini chini ya turubai na watoto. Pale Lanet mume wangu akatushusha, hakuzima gari, hakubadilisha nguo, akaenda zake mjini akiwa amejifunga ile shuka. Nikamwita, hakugeuka. Nikawasha jiko, nikawapasha watoto maji, nikampa mama chai kwenye meza ya jikoni, nikaanza kupika chapati. Alikuwa anatetemeka kidogo. Mkoba ulikuwa miguuni pake, umelegea.

"Wazee hawakuwepo," akasema ghafla, bila kuniangalia.

"Watu walikuwepo, mama. Tena wengi."

"Wamevaa chupi!" akasema. Akafunika mdomo kwa leso, mabega yakawa yanacheka.

Kisha tukasikia honi kwa mbali. "Kukhu! Baba amefika!" watoto wakapiga kelele kama kawaida. Mama akaweka kikombe, akainuka, miguu ikampeleka mlangoni yenyewe. Akashika komeo. Nje mume wangu alikuwa anakohoa. Nikasimama na mwiko mkononi bila kujisogeza, na kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa kazi.

Hakufungua. Aliachilia komeo, akarudi, akaketi, macho mezani.

Mume wangu akaingia kwa mbele, akapita sebuleni, akasimama mlangoni mwa jikoni. Alikuwa na blanketi jekundu, la hapa hapa Nakuru, bado ndani ya plastiki. Alitazama sakafu, akalinyoosha kwa mikono yote miwili. Mama akalipokea kwa mikono yote miwili. Akatoboa plastiki kwa kidole, akalipima unene kama mtu wa sokoni.

"Ni zito," akasema.

Halafu hakuna aliyejua la kufanya. Walikuwa wamezoea kukimbiana tu. Mvulana akakohoa, mume wangu akanitupia jicho la nilikuambia, nami nikamrudishia lake. Mama akalaza blanketi juu ya magoti, akalipapasa, akasafisha koo.

"Muulize," akaniambia, "ile ya paa, maji yake ni moto kweli?"

"Mwambie ni moto," mume wangu akaniambia. "Yanaweza kusaidia magoti."

Nikageuka kwa jiko, nikawapa mgongo. Kazi hiyo ya kupeleka maneno nilikuwa nimeifanya vya kutosha. Wakangoja. Chapati ikaanza kuungua na sikuigeuza.

"Na shule zikifunguliwa," mama akauliza, pole pole, "huwa inafungwa?"

"Haifungwi, Mama," mume wangu akamjibu. "Iko tu."

Mama akavuta kikombe chake, akamaliza chai.